Sahihi ya Harlan Tveit

Ukungu ulikuwa umekaa siku ya tano sasa juu ya mashamba ya ngano, na Ardis Tveit alikwisha kuzoea kutouona mwisho wa uwanja wake. Asubuhi hiyo alitoka kwenda kwenye sanduku la barua kule barabarani, hatua mia mbili tu, akajihisi anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Hakuwa amelifungua sanduku hilo kwa siku tisa. Siku zote hizo alikuwa hospitali na mumewe, mpaka madaktari waliposema kwa upole kwamba sasa mzee akapumzike nyumbani, na hakuna aliyeuliza kupumzika huko maana yake nini.

Katikati ya makaratasi ya matangazo kulikuwa na barua ya kaunti. Aliisoma amesimama palepale. Bahasha ya kura ya Harlan Tveit haikukubaliwa, kwa kuwa sahihi iliyo juu yake haifanani na zile zilizomo kwenye faili. Mpiga kura mwenyewe atie sahihi kwenye fomu ya uthibitisho, na fomu iwe imefika ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe ishirini na tano Novemba. Tarehe ishirini na tano ilikuwa leo.

Ardis alicheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Alijua jambo ambalo kaunti haikulijua. Sahihi hiyo waliyoikataa ndiyo pekee ambayo Harlan aliiandika kwa mkono wake.

Nyingine zote, za miaka kumi na moja, aliziandika yeye. Wala haikuwa njama. Huko kwao kura huja kwa posta, karatasi na bahasha yake, mtu akapigia mezani pake huku anakunywa kahawa. Na kila zilipofika, Harlan alikuwa chini ya trekta, mikono imejaa grisi, akipaza sauti kutoka bandani: "Niwekee alama kwa yule wa safari iliyopita, na pale chini kwa yule mwenye masharubu, halafu nisainie!" Basi akamsainia, kama alivyomsainia barua za ushirika na kadi za sikukuu za wajukuu. Hata kaunti ilipoanza faili jipya la kompyuta na kuwaletea watu fomu za kujiandikisha upya, hiyo ya Harlan nayo aliisaini yeye. Tangu hapo kaunti ilimpokea Harlan huyo wa Ardis kila uchaguzi, bila swali.

Mwaka huu ndipo mzee alipobadilika. Siku moja ya Oktoba, akiwa ameegemezwa mito kitandani, aliomba kalamu.

"Nitakusainia, mzee. We lala," Ardis alimwambia.

"Mke wangu, unanivisha, unanilisha, unaninyoa ndevu. Hili moja niachie nilifanye mwenyewe."

Jirani yao, Duane Pruitt, alikuwepo. Alikuwa ameleta bakuli la viazi vya kuoka na maneno yake ya kawaida.

"Mnajitesa na makaratasi ya nini? Nikubebe kwenye gari langu hadi mjini, pale ofisini wanayo mashine. Unagusa kioo, umemaliza. Haikuulizi mwandiko."

"Ndiyo maana siitaki. Haijali mimi ni nani."

"Na posta je? Bahasha inalala barabarani huko, apitaye apite. Mtu yeyote anaweza kukusainia, mzee!"

Ardis aliinuka kwenda kuangalia kahawa ambayo hata haikuwa motoni.

"Karatasi walau utairudia, uikodolee macho," alisema Harlan. "Mashine ikinimeza nitamuuliza nani? Fundi?"

"Sema tu unaiogopa. Hata simu ya mkononi unaiogopa."

"Siiogopi. Siipendi. Na wewe nakupenda kwa shida, kwa hiyo usinichoshe."

Kisha aliandika. Ilimchukua muda mrefu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na ile H ya mwanzo ikalala upande kama ua lililopigwa na upepo. Alipomaliza jasho lilikuwa limemtoka, na alijaa furaha usoni. Ardis hakuwa ameiona furaha hiyo tangu mavuno ya mwisho.

Sasa tangu Jumapili Harlan alikuwa akilala tu. Akifumbua macho husema mambo ya ng'ombe waliokufa zamani, kisha hurudi alikotoka. Kijiko kilikuwa kikimponyoka, sembuse kalamu. Ardis alingoja mpaka muuguzi alipokuja na kuondoka, akamwomba Duane akae na mgonjwa, akaingia garini.

Mji ulikuwa mwendo wa saa nzima. Barabara ilijitokeza kidogokidogo mbele ya taa, ikawa haipo tena nyuma yake. Ghala la nafaka lilisimama ghafla ukunguni, jeupe na refu, likayeyuka. Mara mbili alimwona Harlan wa zamani, kijana mwenye shingo iliyoungua na jua, akivuka barabara na ndoo mkononi bila kugeuka. Ardis hakushtuka. Alipunguza mwendo ili apite.

Kwenye kaunta ya ofisi ya kaunti alimkuta Noemi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, ambaye hushughulikia kura, namba za magari na vibali vya ndoa, vyote kwenye kiti kimoja. Noemi alimgeuzia kioo cha kompyuta. Sahihi zilipangwa kwenye mstari, na ile ya mwaka huu ilikuwa chini peke yake.

"Unaona, mama? Hizi za juu ni za mtu mmoja, hazina ubishi. Hii ya chini mtu kajaribu kumwiga, tena kamwiga vibaya. Tunayaona sana haya."

Ardis aliutazama mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa mviringo, umevaa jina la mumewe. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Au labda ni ugonjwa," Noemi aliongeza. "Mkono wa mzee hubadilika. Hiyo si dhambi. Mpelekee fomu asaini, hata aweke alama tu mbele ya mashahidi wawili. Ila iwe hapa kabla ya saa kumi na moja."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Ardis aliichukua fomu akarudi garini, akaiweka juu ya usukani. Hata kama Harlan angekuwa macho, asingefika nyumbani na kurudi. Lakini hakukuwa na haja ya kwenda popote. Pumzi yake ilikuwa imetia mvuke kwenye kioo cha dirisha, na kidole chake, bila kuulizwa, kikaandika pale *Harlan Tveit*. Ilitoka safi kabisa. Kaunti ingeipokea kwa mikono miwili, na kura ya mzee ingehesabiwa kesho.

Aliitazama mpaka ikaanza kutiririka. Angeiandika kwenye fomu, na kile kitu kimoja alichokiomba mumewe kingekuwa tena kazi ya mkewe. Alikifuta kioo kwa kiganja, akarudi ndani.

"Hii ya chini ndiyo yake," alimwambia Noemi. "Za juu ni zangu. Zote, na ile ya kwenye fomu ya kujiandikisha."

Noemi aliacha kuandika. "Mama, nikishasikia hivyo lazima niandike taarifa. Itafika kwa mwendesha mashtaka."

"Nimekwisha kusema. Andika."

"Basi kwenye faili letu hatuna sahihi yake hata moja."

Ardis aliishika kaunta kwa mikono miwili. "Mnayo. Tulichukua kibali cha ndoa hapahapa, mwaka sitini na sita. Alisaini mbele yangu."

Noemi alimtazama kidogo, akashuka kwenye chumba cha chini ya jengo. Alirudi na kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, akafunua mpaka akapata ukurasa. Harlan wa miaka ishirini na miwili alikuwa pale kwa wino wa bluu, na H yake imelala upande. Noemi aliulaza ukurasa karibu na kioo cha kompyuta, akalinganisha sahihi hii na ile, kwa muda mrefu.

"Ni yeye," alisema polepole.

Aliingia ofisi ya ndani kwa mkubwa wake. Sauti zilisikika, ya Noemi ikipanda, ya mwanamume ikibaki palepale. Alipotoka, saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne.

"Sheria inataka faili la wapiga kura. La maharusi halimo. Bila fomu yenye sahihi yake, haiwezekani."

"Na wewe waonaje?"

"Mimi nakuamini, mama. Lakini sikuulizwa mimi." Kisha akainama, akashusha sauti. "Ungesaini tu kule nje. Nisingejua."

"Najua," alisema Ardis.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia, na Duane akamnong'oneza mlangoni kwamba mzee ameamka na anamtafuta. Harlan alikuwa macho kweli, macho yake ya siku zote.

"Ulikuwa wapi?"

"Mjini. Kwa ajili ya kura yako."

"Wameihesabu?"

Njia nzima alikuwa amejiandalia uongo mmoja mtamu. "Hapana," alisema. "Wamesema ile si sahihi yako."

Harlan alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Ardis akamshika mabega mpaka kikatulia. "Kumbe nilipokuwa wewe walinijua."

"Walikujua sana."

"Ukanisainia nyingine?"

"Walinipa fomu. Nimekaa nayo garini."

"Ardis. Umenisainia?"

"Sikukusainia."

Harlan alifumba macho, Ardis akadhani amerudi usingizini. Kisha vidole vyake vilitambaa juu ya shuka, vikautafuta mkono wa mkewe, vikaushika kwa nguvu zote zilizobaki, ambazo hazikuwa nyingi.

"Basi hiyo ni yangu," alisema.

Ardis alilia hapo, kwa sauti, bila kujificha, na mkono wake hakuuondoa.