Kadi ya Mama Haibaki Hapa

Ijumaa hiyo ya Julai ukungu ulikuwa umekataa kabisa kuondoka Runyenjes. Wamuyu alipanda ngazi nyuma ya mama yake, Ciakuthii, ambaye alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Ndani ya mkoba wa Ciakuthii, ndani ya leso iliyofungwa mafundo mawili, mlikuwa na kadi ya akaunti ya benki ambamo pesa za majani ya chai anayouza ziliingia kila mwezi, na bonasi ya mwaka kila Oktoba.

Kiwanda kimoja cha maziwa karibu na mji wa Embu kilikuwa kimemwita Wamuyu kwa kazi ya kupima maziwa. Alitakiwa kufika Jumatatu, akiwa na stashahada yake. Lakini stashahada hiyo ilikuwa imefungiwa kabatini chuoni mpaka alipe salio la karo, shilingi elfu arobaini na nane. Benki ilitaka hati ya shamba, na hati ilikuwa bado kwa jina la babu aliyekufa. Chama cha akiba kikasema angoje zamu yake. Ndipo mtu wa kanisani akamnong'oneza Ciakuthii jina la Runji.

Runji hakuwa na pesa zake mwenyewe. Alikuwa broka: aliwatafutia wenye pesa wa mjini watu wa kukopesha, akala huku na huku. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la mbolea. Kwenye meza palikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa kadi za benki za watu, kila moja imefungwa kwa mpira pamoja na kikaratasi chenye namba yake ya siri. Siku ya malipo ya chai, Runji husimama kwenye mashine ya benki na kadi thelathini mkononi, na walio nyuma yake kwenye foleni humwamkia kwa heshima.

"Mama Wamuyu, karibu sana!" alisema akiinuka. "Na huyu ndiye msomi wetu? Keti, keti."

Kwenye benchi la ukutani walikuwa wameshaketi wawili: Wambeti, mjane anayeuza ndizi sokoni, na Ndambiri, kijana wa bodaboda aliyeshika kofia yake ya chuma mapajani. Wamuyu aliwaamkia kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. Ndivyo alivyokuwa. Chuoni akijibu swali, mwalimu alimwambia arudie, akirudia alimwambia arudie tena, na mwishoni jibu lilisemwa na jirani yake.

Runji alisukuma karatasi tatu zilizoandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Saini hapa, na hapa, na hapa. Kadi niachie. Saa nane mchana pesa ziko kwenye simu."

Ciakuthii alikuwa ameshaiweka leso mezani na kufungua fundo la kwanza. Akachukua kalamu.

Hapa kwetu mtu akikukubalia mkopo, huisomi karatasi yake mbele yake. Ni kama kuhesabu chapati ulizoandaliwa na mama mkwe. Unasaini, unashukuru, unaulizia afya ya watoto wake. Wamuyu alijua hivyo. Hata hivyo, mkono wake ulikwenda, ukazivuta zile karatasi.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akarudi juu, akausoma tena.

"Kuna shida?" Runji aliuliza.

"Ninasoma tu."

Ciakuthii alimfinya paja chini ya meza. "Wamuyu. Unatuaibisha."

"Mwache asome," Runji alicheka. "Si ndiyo maana alipelekwa chuo? Lakini soma haraka, mwalimu, watu wanangoja. Hayo ni maneno ya mawakili tu."

Wamuyu alikohoa. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, akikigeuza kuwa Kiembu.

"Mama, hapa wanasema unakopa elfu hamsini. Lakini elfu saba zinakatwa kabla hujazishika. Ni za fomu, bima na broka. Unapewa arobaini na tatu."

Kalamu ya Ciakuthii ilisimama. "Si karo ni arobaini na nane?"

"Ndiyo."

"Dada yangu," Runji alisema, sasa bila kucheka, "soma kimya, basi."

"Mama hajui Kiingereza. Nikisoma kimya atasikiaje?"

Safari hii hakuna aliyemwambia arudie. Aliendelea. Kila mia itazaa shilingi kumi na tano kila mwezi. Kadi itakaa kwa mkopeshaji mpaka yeye mwenyewe aseme ameridhika. Bonasi ya mwaka huu ni ya mkopeshaji, na ya mwaka ujao ni yake pia, hata deni likiwa limekwisha.

"Na hapa," alisema akiinua ukurasa wa tatu ili benchi zima lione, "pale panapoandikwa jumla ya deni, pako wazi. Mama anasaini leo. Namba inaandikwa siku nyingine, na mtu mwingine."

Chini dukani, mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya mfuko wa mbolea.

Wambeti alisimama kwanza. "Runji. Mimi nilisaini hiyo hiyo mwaka juzi. Toa yangu, huyu msichana anisomee."

"Faili zote ziko Embu, Mama."

"Na kadi yangu pia iko Embu, au iko kwa huo mkebe?"

Ndambiri aliangua kicheko, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Brathe, mimi nilikuja kukuachia kitabu cha umiliki wa pikipiki," alimwambia Runji. Akakisukuma ndani zaidi ya jaketi na kufunga zipu mpaka shingoni. "Wacha kwanza."

Runji aliuvuta mkebe upande wake. Akamgeukia Wamuyu, akasema polepole: "Chuo kimekufundisha kusoma, hakikukufundisha adabu. Haya, niambie. Nani mwingine Runyenjes hii atakupa pesa kabla ya Jumatatu?"

"Hakuna," Wamuyu alisema.

"Basi?"

"Basi hakuna. Lakini kadi ya mama haibaki hapa."

Aliichukua leso mezani, akalifunga tena lile fundo, akamrudishia mama yake mkobani. Alishuka ngazi akishika ukuta. Nyuma yake Wambeti alikuwa amejikalia upya kwenye benchi, akisema kwamba ana siku nzima, na ndizi zake zinaweza kungoja.

Walipofika karibu na mto, Ciakuthii alilipuka: "Umenivua nguo mbele ya watu! Na kazi je? Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli hauna muhuri wa chuo!"

Wamuyu alilia kidogo, akitembea. Mama yake alipoona hivyo alipunguza mwendo, wakaenda sambamba mpaka nyumbani.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya meneja wa kiwanda, Bundi, mwanamume mfupi aliyevaa gambuti nyeupe. Nyuma yao wafugaji walikuwa wakishusha mitungi ya maziwa kutoka kwenye pikipiki.

"Stashahada?"

"Sina. Iko chuoni, ninadaiwa karo. Mama atapata bonasi yake Oktoba, ataitoa kwa mkono wake mwenyewe, nami nitamrudishia kutoka kwa mshahara. Nilitafutiwa mkopo wa kuikomboa mapema, nikaukataa."

"Uliukataa kwa nini?"

"Ulikuwa wizi."

Bundi alimtazama juu mpaka chini. "Nina watu watatu wenye karatasi zao zote wanaotaka nafasi hii."

"Waite," Wamuyu alisema. "Lakini kwanza nipe maziwa niyapime mbele yako."

Meneja alinyoosha kidole kuelekea foleni. Wamuyu alinawa mikono mpaka viwikoni, akafungua mtungi wa kwanza, akanusa, akatumbukiza kipimo. Mzuri. Wa pili, mzuri. Wa tatu ulikuwa wa mzee mmoja mnene mwenye kofia ya ngozi, ambaye kila mtu alikuwa amempisha mbele. Kipimo kilizama kupita alama. Wamuyu akakitoa, akakipangusa, akapima tena.

"Haya yametiwa maji," alisema.

"Unasemaje, msichana?" mzee alinguruma. "Unanijua mimi?"

Foleni yote iligeuka. Bundi alikunja mikono, akitazama tu. Wamuyu aliinua kipimo juu, maziwa yakimchuruzikia kwenye mkono, akarudia kwa sauti iliyofika mpaka langoni:

"Yametiwa maji. Yashushe pembeni. Mtungi mwingine!"