Msiba wa Ekari Arobaini

Ngazi za ukumbi pale Kibaoni zilikuwa saba, na Aurelia alizipanda kwa makalio, gongo limelala mapajani. Juu ya mlango lilining'inia bango jipya: Sanaa Jumuishi, Hakuna Anayeachwa. Fedha ya bango mradi ulipata. Njia ya mtu asiyeweza kupanda ngazi hakuna aliyeikumbuka.

Kikundi kilikuwa na wanawake kumi na mmoja, wazima na wenye ulemavu, Bernadeta asiyeona akiwemo. Wote walilima mpunga kijijini Mbingu, kwenye ekari arobaini ambazo Mheshimiwa Obed, mwenyekiti wa kamati ya mashamba, alikuwa amempa mwekezaji bila kuwauliza. Jumatatu trekta lingeingia.

Jofrey, mwalimu wa densi kutoka Dar, aliwafundisha kisa cha kale cha Wagiriki: mfalme anakataza maiti kuzikwa, wanawake wanamgomea. Aliwaita mashujaa. Aurelia aliposema wamtaje Obed jukwaani, ushujaa ukaisha.

"Mama, hii ni sanaa. Halafu Mheshimiwa ndiye mgeni rasmi."

"Kwa hiyo mfalme wa Wagiriki tumseme, huyu wa kwetu tumpigie vigelegele?"

"Mkileta siasa, mradi unafungwa."

"Siasa anayo yeye. Sisi tunalima."

Mwoga wa kutupwa yule, na skafu yake shingoni katika joto la Ifakara.

Wanawake walipanga bila yeye. Densi ikiisha hawatatoka. Watatandika mikeka na kukaa miguu wameinyoosha, kama wafiwa. Obed kazaliwa Mbingu. Anajua mwanamume hamwinui mfiwa mkekani, na hampiti bila kusema neno. Atalazimika kuwajibu mbele ya watu.

Jumamosi, mbele ya Obed na wafadhili wa mradi, walicheza vizuri kuliko siku zote. Aurelia alizunguka juu ya gongo mpaka akaanguka kama walivyofanya mazoezi, na wenzake wakamnyanyua kwa mikono yao yote. Bernadeta aliongoza mstari, macho yake yakielekea popote. Kisha mikeka ikatandikwa, wakakaa.

"Tumefiwa na shamba letu la Mbingu," Aurelia alisema kwa sauti. "Aliyeliua yumo humu ndani. Hatuinuki mpaka aseme."

Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja wa wafadhili alifuta machozi na kumnong'oneza jirani yake kwamba mwisho huu ni mzuri mno.

Obed akainuka, tumbo mbele. Alivua viatu, akachuchumaa ukingoni mwa mkeka, akainamisha kichwa kwa adabu zote za kwao. Alipomtazama Aurelia usoni, Aurelia alijua kwamba mtu huyu ameelewa kila neno.

"Poleni sana, mama zangu," Obed alisema taratibu. "Mungu awatie nguvu. Msilie sana."

Akaweka noti mkekani, rambirambi yake. Nyuma yake wageni wakapanga foleni, wakivua viatu huku wanacheka, kila mmoja na noti mkononi, na Jofrey akakimbia huku na huku kuwapiga picha.

Bernadeta alipapasa karatasi iliyoangukia mapajani mwake.

"Kajibu?" aliuliza. "Amesema tunarudishiwa?"

Mgeni mwingine alikuwa tayari amechuchumaa mbele ya Aurelia, anampa pole.