Hodi Nyumbani kwa Bibi

Kila asubuhi, kabla lango la bustani halijafunguliwa kwa wageni, Kimya, binti mtunza bustani, humwagilia miti ya mswaki, hufagia majani njiani, kisha husimama mbele ya nyumba ya udongo na kupiga hodi. Hakuna anayejibu. Bibi yake, mzaa mama, alikaa humo miaka mingi akiwaonyesha wageni jinsi wazee walivyosuka ukindu na kuchemsha mizizi, na sasa ni marehemu. Lakini aliwafunza wafanyakazi wote kwamba nyumba ni nyumba, hata ikiwa ya maonyesho. Huingii kabla hujapiga hodi.

Asubuhi hiyo Kimya alipiga hodi, ufunguo tayari mkononi.

"Bado," sauti ikajibu kutoka ndani.

Ndoo ilimponyoka, maji yakamlowesha viatu.

"Vipi, umeona nyoka?" fundi bomba alimwuliza kutoka kwenye vitalu vya miche.

"Kuna mtu ndani."

"Ataingiaje, na ufunguo unao wewe?"

Kufuli lilikuwa mahali pake. Fundi akaja akicheka, akagonga mlango. "Hodi humo! Kama ni jini, toka ukate tiketi kama wenzio!"

Harufu ya mizizi inayochemka ikapenya kwenye nyasi za paa, ile ile ya jikoni kwa bibi. Fundi aliacha kucheka. Akakumbuka ghafla kwamba kuna bomba linavuja upande wa pili.

Meneja akatokea na seremala. Leo ndiyo leo: kigoda na kinu vya bibi vitolewe, nyumba iwe duka la soda.

"Usinitazame hivyo, binti yangu," meneja alisema. "Nilikuomba ukae wewe mahali pa bibi yako. Ukanijibu nini? Ukaangalia viatu vyako."

Ni kweli. Hata bibi, kitandani hospitalini, alimwuliza, "Nani atawakaribisha?" naye akajitia kunyoosha shuka. Kila kitu alikijua, tangu utotoni alipoketi kando ya kinu kile. Ila wageni wakimkodolea macho, ulimi humganda.

Meneja alichukua ufunguo, akautia kwenye kufuli.

Du. Du. Du. Mchi ulikuwa unatwanga ndani, taratibu, bila haraka yoyote.

Meneja aliuachia ufunguo kama umemuunguza. "Nani yumo humo?"

Mchi ukanyamaza, kama mtu ameinua shingo kusikiliza. Seremala alikuwa ameshafika langoni.

Kimya akasogea.

"Hodi," akasema.

"Bado."

Haikuwa sauti ya hasira. Ndivyo bibi alivyomwambia zamani, akiuzuia mkono wake mdogo usifunue chungu mapema. Ndipo Kimya akaelewa kwamba anayengojewa ni yeye, na kinachongojewa ni neno lake. Aliweka kiganja kwenye mlango. Mbao zilikuwa na joto.

"Bibi, mimi mwoga, unanijua," akasema, kwa sauti ambayo hata meneja aliisikia. "Nawaogopa wageni kuliko ninavyokuogopa wewe sasa hivi. Lakini sitaki nyumba yako iwe duka la soda. Kigoda nakitaka mimi. Nitawakaribisha mimi."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani.