Meno ya Karatasi

Kufikia saa tatu asubuhi Yudith alikuwa ameshafagia baraza na kumwaga maji ya kuogea, na sasa alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wa sebuleni, akikata ukuta wa mwisho wa kanisa.

Kanisa lilikuja kutoka Ulaya ndani ya bahasha: karatasi nne ngumu zilizochapwa kuta, madirisha, paa na mnara, kila sehemu na namba yake. Lilikuwa mfano wa kanisa la zamani alikobatizwa mgeni mkubwa wa Bwana wa boma. Mgeni huyo angeshuka kwa treni stesheni ya Dodoma siku hiyo saa kumi. Bibi, mke wa Bwana huyo, alitaka kumpa mgeni zawadi hiyo mezani. Lakini homa ilimlaza, na Yudith ndiye mtumishi pekee aliyejua namba, maana alifika darasa la pili kwa wamisionari kabla mama yake hajafa.

"Ukilimaliza vizuri," Bibi alimwambia, "nitamwambia Bwana habari ya baba yako. Leo leo, wakati wa chakula."

Baba yake, Matonya, alikuwa na wiki mbili mnyororoni. Askari walimkuta njiani bila kipande cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku, wakamhesabu mtoro. Kipande kilikuwa nyumbani, kwenye tembe, ndani ya chungu. Matonya alikuwa amemaliza siku zake thelathini kwenye barabara ya Kondoa, na kila siku msimamizi alimchorea mstari mmoja mwekundu kwenye kipande hicho. Yudith alikipeleka bomani mara mbili. Mara ya pili karani alikirudisha bila kukisoma. Akamwambia karatasi haifungui kufuli, amtafutie baba yake mtu wa kumsemea. Tangu hapo kipande kilikaa kwenye pindo la nguo yake.

Pembeni mwa kila ukuta wa kanisa palikuwa na meno meupe yasiyo na picha. Yudith hakuyashangaa. Kwao ngozi ya mbuzi ikishawambwa kwa vigingi na kukauka, ukingo wake hubaki na meno kama hayo kati ya tundu na tundu, nayo hukatwa yakatupwa. Ngozi yenye meno ni ya mtu mvivu. Kwa hiyo aliyakata yote, akanyoosha kingo vizuri, akayazoa pamoja na mabaki mengine ya karatasi, akayatia motoni jikoni.

Akakoroga gundi ya unga wa ngano. Akasimamisha ukuta namba moja, akausogezea namba mbili. Hazikushikana. Makali ya karatasi yalikutana na makali, na hapakuwa na mahali pa kupaka gundi. Ndipo alipoyaelewa yale meno. 

Mbwana, mpishi, mtu wa Kondoa, alipita na sinia. "Vipi binti, homa ya Bibi imekuhamia?"

Yudith alimwonyesha. Mbwana aliacha kucheka. Alishawahi kumwona Bibi akitengeneza jumba jingine, akasema meno ndiyo ya kushikia. "Yako wapi?" aliuliza.

"Jikoni kwako. Ndiyo yaliyochemsha chai ya Bibi."

Mbwana alitazama mlango wa chumba cha kulala. "Usiogope sana," alinong'ona. "Hapa mwanamke hapigwi viboko. Anatiwa mnyororo tu."

Akamshauri akimbie kabla Bibi hajaamka. Lakini Yudith alijua wakimkosa yeye hasira itamwishia baba yake, ambaye walikuwa wameshamshika. Alichana utepe wa kaniki yake akaujaribu mahali pa meno. Rangi nyeusi ikatokeza chini ya dirisha, ikaacha doa. Karatasi za Bibi zilikuwa ndani ya droo ya meza yake, zimefungiwa kwa ufunguo. Saa zilikuwa zinakwenda.

Akafungua pindo la nguo akatoa kipande. Kilikuwa kigumu kama kanisa lenyewe.

"Karani alisema hakifai kitu," alisema.

"Karani husema mengi," Mbwana alijibu. Bibi akakohoa chumbani, naye akaondoka na sinia lake.

Yudith alikata. Alikunja kila utepe katikati, akaubandika kwa ndani, mistari myekundu isionekane nje. Saa tisa mnara ulikuwa umesimama. Upande wenye doa aliugeuzia nyuma.

Treni ilipokwisha kufika na watu kuketi mezani, mgeni alilishika kanisa kwa mikono miwili, akaugusa mnara kwa kidole. Bibi, amejifunika shali, alitimiza ahadi. Yudith alisimama mlangoni na bakuli la supu, na katika maneno yao yote ya Kizungu alielewa moja tu: Matonya.

Bwana akageuka. "Baba yako amemaliza siku thelathini?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi si shida. Lete kipande. Nikikiona, anafunguliwa leo."

Supu ikamwagikia kidole gumba. Hakuihisi.

"Kimo ndani ya kanisa, Bwana."

Ilibidi aseme tena, kwa sauti ndogo zaidi. Bwana alilichukua kanisa, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja na kuchungulia ndani kwa chini. Midomo yake ilicheza akihesabu, ukuta hadi ukuta, mpaka darini.

"Naiona," alisema. "Kazi ameifanya." Akalirudisha taratibu mbele ya mgeni. "Lakini kipande kilichokatwa si kipande. Ndiyo sheria."

Bibi aliomba apitishiwe chumvi.

Jua lilipokuwa linatua Yudith alitoka nyuma kumwaga maji ya vyombo. Watu wa mnyororo walikuwa wanarudi kutoka kuvunja mawe, wanane, shingo kwa shingo, baba yake wa tatu. Askari aliwasimamisha ili awashe kiko chake.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mwanangu." Matonya aliuliza jambo moja. "Kipande changu umekitunza?"

Yudith alitazama dirisha la sebule.

"Kiko kwa Bwana, baba. Amekihesabu."

"Amekihesabu mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mpaka mwisho."

Matonya alinyoosha shingo kiasi mnyororo ulivyomruhusu, akamwambia wa mbele yake. Wa mbele akamwambia aliyemtangulia. Walipoondoka, habari ilikuwa imefika kwa wa kwanza, na wote walikuwa wanatembea haraka kidogo.