Watazamaji wa Hajrije

Alasiri moja ya mwezi wa Machi, watu wengi wa Durrës wakiwa wamejinyoosha baada ya chakula cha mchana, Hajrije Kuka alikuwa uani akisukuma unga wa byrek, ile pai ya matabaka membamba yenye mchicha na jibini, watazamaji wa kwanza walipoingia katika uwanja wa Kirumi ulio chini ya nyumba yake na kuketi. Walikuja na mito ya kukalia na dengu za kukaanga zilizofungwa kwenye vitambaa. Walichagua ngazi za mawe zinazoelekeana na ua wake, wakajipanga bila kuulizana, kama watu wanaojua sehemu zao. Mwanamume mmoja mnene, aliyevaa shuka jeupe lenye ukingo mwekundu, alimwomba aliye mbele yake ainamishe kichwa.

Hajrije aliwatazama, kisha akautazama unga. Unga ukishafunuliwa haungoji mtu. Akaendelea kusukuma.

Tabaka moja lilipochanika, safu nzima ikaguna.

"Ni unyevu," Hajrije akawaambia. "Leo upepo unatoka baharini."

Durrës ni mji wa bandari wa Albania ambao kila aliyeshuka kutoka melini, tangu Wagiriki wa Korintho, ameupa jina lake na kujenga juu ya aliyemtangulia, kwa mawe ya huyohuyo aliyemtangulia. Matofali ya ngome ya Bizanti yamo kwenye jiko la bibi fulani, na nguzo ya hekalu imeshikilia gereji. Kizingiti cha Hajrije kilikuwa jiwe la kaburi la binti aitwaye Domitia, na wenye nyumba walilikanyaga kwa adabu, miguu mitupu. Kwa hiyo wenyeji wana desturi moja isiyofundishwa shuleni: mtu akichimba shimo akagusa marumaru, hulifukia kabla ya kahawa ya jioni na hasemi neno.

Sabri, baba mkwe wa Hajrije, aliivunja desturi hiyo. Alikuwa akichimba shimo la mzabibu, koleo likapenya chini na kuangukia gizani, naye akaenda kutoa taarifa. Alikuwa mtu mwaminifu, tena alilitaka koleo lake. Serikali ya wakati ule ikaja ikachimba bustani, kisha nyumba za majirani wa chini, mpaka sehemu kubwa ya uwanja ikaonekana. Sehemu iliyosalia ilibaki chini ya nyumba za kilimani, na nyumba ya akina Kuka ndiyo iliyokuwa ukingoni kabisa. Waliambiwa wasikarabati kitu, kwa kuwa wangehamishwa karibuni na kupewa nyumba nyingine. Serikali hiyo ilianguka, zikafuata nyingine. Amri ya kutokarabati ilirithiwa na kila serikali. Ahadi ya nyumba haikurithiwa na yeyote. Koleo halikupatikana.

Kisha likaja tetemeko, na vigae vya juu ya kitanda cha Hajrije vikapasuka. Ofisi ya mambo ya kale ilimjibu kwamba kuweka kigae kipya ndani ya eneo la urithi ni kosa la jinai. Mwanawe Ylber, dereva wa winchi bandarini, alimtaka ahamie kwake.

"Mama, kwangu kuna lifti. Kuna na mashine ya kufulia."

"Na nikitoka hapa?"

"Ukitoka umepumzika."

"Nikitoka hapa, mwanangu, nyumba itaitwa tupu. Nyumba tupu haina mwenyewe wa kulipwa. Kesho yake asubuhi tingatinga litakuwa linakunywa kahawa sebuleni kwangu."

Ylber hakubisha, kwa sababu nyumba mbili za jirani zilikwenda hivyohivyo. Hajrije akabaki, na mvua ikabaki ikiingia.

Kufikia Aprili watazamaji walikuwa wamejaza ngazi zote zilizofukuliwa. Walifika baada ya chakula cha mchana na kuondoka jioni, wakati wa matembezi ya ufukweni, ambako walichanganyika na watu wengine na kununua mbegu za alizeti. Lugha yao ilikuwa ya kwao, lakini mtaa uliielewa kama mtu anavyoielewa redio ya jirani. Hapakuwa na mapigano tena ya kuwaonyesha katika uwanja huo, basi walitazama kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni Hajrije.

Mtaa ulifuatilia kwa makini wanachokipenda na wasichokipenda. Televisheni haikuwagusa. Ylber alipokuja na gari jipya hakuna aliyegeuza shingo. Kuanika nguo kulipokelewa vizuri, hasa mashuka. Kuchambua mchele kuliwatuliza mpaka wengine wakasinzia. Ugomvi kati ya Hajrije na jirani yake Drane, kuhusu paka, uliwagawa pande mbili, na upande wa Drane ulivaa kijani kwa wiki nzima.

Siku Hajrije alipotoka na kuku na kisu, watu wote walisimama. Kisha safu za juu zikaanza kupunga vitambaa vyeupe, zikafuata za kati, mpaka uwanja mzima ukawa kama mashuka kwenye kamba.

"Wanataka umwachie," Drane akasema kutoka dirishani.

"Na mimi nataka supu."

"Wamekwisha kuamua, Hajrije. Kuku huyo ana watu."

Hajrije alimwachia kuku, akapika maharagwe. Kuku yule alianza kutembea kwa maringo, na mpaka leo hatagi mahali anapopaswa kutaga.

Jambo lililomsumbua Hajrije halikuwa macho yao. Hakujua kama walikuwa wageni. Mgeni akiingia kwa Mwalbania hupewa kahawa, kijiko cha jamu ya tini na glasi ya maji, na akishakunywa, nyumba inakuwa dhamana yake na yeye dhamana ya nyumba. Lakini hawa hawakubisha hodi wala kusalimia.

"Asiyesalimia si mgeni, ni mpita njia," Drane akasema.

"Mpita njia hakai tangu Machi."

"Basi wape kahawa. Utawapa kwa kikombe kipi, mwenzangu? Watu wote hao! Utaanza leo, safu ya mwisho itakunywa mjukuu wako akiwa bibi."

Hajrije alichemsha birika moja. Alishuka na sinia mpaka ngazi ya mbele, akampa yule mwanamume mnene mwenye ukingo mwekundu. Mwanamume akaonja, akampa wa pembeni yake. Kikombe kilikwenda safu kwa safu, kila mmoja akilowesha mdomo, na kijiko cha jamu kikafuata nyuma. Jioni vilirudi vyote viwili, kikombe kikiwa na kahawa iliyosalia kidogo chini, kama adabu inavyotaka.

"Sasa ni wageni," Hajrije akasema.

Mei, Ylber alipokuwa kazini, Hajrije aliegemeza ngazi ya mbao ukutani, akafunga vigae kwa kamba mgongoni, akapanda juu ya paa. Alikuwa na umri wa kutosha kuitwa bibi na mtu yeyote mjini. Watazamaji hawakuwahi kunyamaza namna ile. Kigae kimoja kilipoponyoka mkononi mwake na kuvunjika uani, mwanamke mmoja wa safu ya tatu alizimia, akabebwa kutolewa nje. Hajrije alipochomoa kigae cha kwanza kilichopasuka na kukitupa, makofi yalisikika mpaka kwenye kivuko cha kwenda Bari, Italia, na ndiyo yaliyomleta mkaguzi wa ofisi ya mambo ya kale.

Mkaguzi aliitwa Vangjel. Alisoma na Ylber, akala sana byrek katika ua huohuo, na alikuwa mtu wa vipimo, asiyependa kumwonea yeyote. Alisimama chini ya ngazi ya mbao akiwa ameshika kofia.

"Shangazi Hajrije, shuka. Tafadhali."

"Vangjel, mwanangu, hujambo? Mama yako mguu wake vipi?"

"Anaendelea. Shuka, shangazi. Hicho kigae ni kipya."

"Ndiyo maana nakiweka. Cha zamani kimepasuka."

"Cha zamani kikipasuka ni uharibifu wa asili. Kipya kikiwekwa ni uharibifu wa makusudi. Unaniweka pabaya."

"Njoo ulale kitandani kwangu mvua ikinyesha, ndipo ujue nani kawekwa pabaya."

Watu wakacheka. Vangjel aligeuka, akawasalimia kwa kuinamisha kichwa, maana walikuwa ndani ya eneo lake la kazi.

"Waulize hao," Hajrije akasema. "Wamekunywa kahawa yangu. Waulize kama niweke au nisiweke."

Haikuhitajika kuuliza. Vitambaa vilikuwa vimekwisha kupanda. Vilianza kwa mwanamume mnene, vikazunguka uwanja mzima, na hata wale waliovaa kijani kwa ajili ya Drane walipunga. Drane mwenyewe alipunga kitambaa cha vyombo. Hajrije alikaa juu ya paa, kigae mapajani, akasubiri.

Vangjel akaeleza kwa upole kile ambacho vitabu vyote vinakubaliana nacho. Watu katika uwanja wa namna ile huomba tu. Hawaamui. Mwenye kuamua ni mwenye michezo, yule mheshimiwa aliyeigharimia, na huyo huketi katika jukwaa lake maalumu, katikati ya upande mrefu. Pasipo yeye jukwaani, kelele zote zile ni maoni.

"Na jukwaa lake liko wapi?" Hajrije akauliza.

Vangjel alitoa utepe wa kupimia ingawa alikwisha kujua.

"Chini ya chumba chako cha kulala, shangazi. Halijafukuliwa."

"Kwa hiyo mkilifukua, atakaa."

"Atakaa."

"Na akikaa, atawasikiliza watu wake."

"Kwa kawaida husikiliza. Nadhani ruhusa ya paa ungeipata siku hiyohiyo."

"Ila paa halitakuwepo."

"Hapana," Vangjel akasema. "Ila ruhusa ungeipata."

Kutoka chini ya sakafu ya chumba cha kulala ilisikika sauti ya mtu akikohoa kidogo, kama anayetaka kupishwa. Wote waliisikia. Watazamaji waliketi, wakashusha vitambaa. Hajrije alishuka, na Vangjel akamsaidia kubeba vigae, kisha akavichukua kama ushahidi.

"Wageni wako hao," Drane akasema jioni. "Kahawa wamekunywa, na wewe umerudi chini na kamba tupu."

"Mgeni hadaiwi," Hajrije akajibu, lakini alijibu akiwa amempa mgongo.

Oktoba mvua ilianza alasiri, watazamaji wakiwa wamekaa. Hapo walitokea wanamaji ambao hakuna aliyekuwa amewaona kabla, weusi kwa jua, wenye mikono iliyokomazwa na kamba. Walipanda ukutani mwa uwanja, wakavuta kamba kwa kuhesabu, na turubai kubwa la kitani, rangi ya mchanga, likafunguka juu ya ngazi zote mduara mzima, likiacha wazi tu kiwanja cha katikati. Kwa kuwa nyumba ya Hajrije ilikaa juu ya ngazi ambazo hazijafukuliwa, turubai lilipita juu ya paa lake pia. Hajrije aliingia chumbani, akasimama karibu na kitanda. Hakuna tone lililoanguka. Alilala hapohapo, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu tetemeko, na watazamaji wakamtazama dirishani akilala, kimya, kama walivyotazama mchele.

Vangjel aliitwa. Alikagua mishono, mafundo na kamba, akatamka kwamba turubai ni la asili, ni sehemu halali ya jengo la kale, na hakuna sheria inayolipinga.

"Afadhali," Ylber akasema. "Basi libaki."

Vangjel akasema kwamba hilo si juu yake.

Jioni mvua ikiwa bado inanyesha, watu walianza kukunja mito yao. Wanamaji walipanda tena. Hajrije alitoka na sinia ya kahawa mpaka kwa mkuu wao, mzee mwenye Kialbania cha bandarini.

"Baba, liacheni usiku. Asubuhi mtalikuta, sitaligusa."

Mzee alikunywa kahawa yote kwanza.

"Haiwezekani, mama. Turubai ni la watazamaji. Halijawahi kuwekwa kwa ajili ya anayetazamwa."

Hajrije alisema ameelewa, akapokea kikombe. Wanamaji walivuta, turubai likajikunja kuelekea ukutani, na mvua ikaingia nyumbani ilikozoea. Kabla ya kuondoka, mmoja wao alichovya brashi katika kopo la rangi nyekundu, akaandika tangazo la kesho kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya Hajrije, kwa herufi kubwa, nzuri, zenye nafasi sawa. Asubuhi Vangjel alikuja kulifunika kwa kioo. Alimwambia Hajrije kwamba tangu sasa ukuta huo usiguswe hata kwa ufagio. Hajrije akamwomba amsomee.

"Hapa pameandikwa: Hajrije wa Durrës. Atakuwa na nyumba, na mvua." Vangjel akasogea kando ili kuona mstari wa mwisho. "Turubai litakuwepo."

Siku hiyo watu walianza kufika kabla ya chakula cha mchana, ili wapate viti vya mbele.