Mtoto kwa Mtoto

Mwaka ule kwetu Likasi tulifuga Mzungu. Nasema tulifuga kwa sababu neno jingine sina: alilishwa, akachemshiwa maji ya kuoga, akawekwa sebuleni asiguswe na vumbi. Jina lake Maëlle, msichana wa miaka kumi na saba kama mimi, kutoka Ubelgiji. Mpango ulikuwa wa parokia: yeye akae kwetu mwaka mzima wa shule, halafu mimi, Aimée, niende kukaa kwao mwaka unaofuata. Mtoto kwa mtoto. Lakini yeye akichoka na kurudi kwao mapema, basi na safari yangu imekufa. Padri wetu, Abbé Théophile, alitueleza hivyo mara moja tu, na tangu siku hiyo Mama hakulala tena vizuri.

Baba, ambaye ni fundi kiwandani, alijaribu kutumia akili. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema.

"Ile jembe ni ya bandugu," Mama akamjibu. "Mutoto ya Muzungu anapewa furusheti."

Maëlle akapewa furusheti, yaani uma, na kitanda changu, na sahani za maua tulizoazima kwa jirani yetu Marceline. Kila siku spageti na yai. Akigusa ufagio, Mama anampokonya. Umeme ukikatika, na kwetu kukatika ndiyo kazi yake, Mama anawasha mishumaa na kutangaza kwamba saa ya sala imefika. Maëlle alimwambia mama yake kwa simu kwamba hajawahi kuona familia yenye imani namna hii. Juma moja tulisali mpaka nyama ikaoza kwenye friji.

Sisi wenyewe tulikula bukari, ugali wetu, nyuma ya nyumba, kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki, kimya kama wezi. Mama aliamini kabisa kwamba Mzungu akiona mikono yetu yote inachovya bakuli moja ataita ndege.

Jioni moja harufu ya sombe ilimtoa Maëlle sebuleni. Alitukuta tumezunguka mbabula, jiko letu la makaa, vidole vimejaa mboga. Nilitegemea atachukia. Akalia.

"Nimewakosea nini?" akauliza kwa Kifaransa. "Nakula peke yangu kama mgonjwa. Nimeshamwambia mama yangu, nataka kurudi nyumbani."

Niliiona safari yangu inaondoka. Niliogopa kweli, na mimi nikiogopa sijui kubembeleza, najua kugomba tu. Maji ya bukari ya pili yalikuwa yanachemka juu ya makaa. Nikamtia mwiko mkononi.

"Acha kulia. Kamata, songa."

"Aimée!" Mama akapiga kelele. "Unataka kwenda Belgique ao hautaki?"

Maëlle akasonga. Nimeona watu wakichimba choo kwa ustadi zaidi. Yalitoka madonge matupu. Mama akavumilia, akavumilia, mwishowe adabu ikamwisha.

"Weye mutoto, mama yako hakukufundisha? Unaharibisha bunga ya bantu!"

Maëlle akacheka, machozi bado yanamtoka. Tangu afike hakuna mtu aliyekuwa amemgombeza. Akakaa chini akala madonge yake yote kwa mkono, na habari ya kurudi kwao haikusikika tena.

Kuanzia siku hiyo alifua, alichota maji, alitukanwa, alijibu. Mwaka ulipokaribia kwisha bukari yake ilikuwa laini kuliko yangu, na akaomba kukaa mwaka mwingine. Kibali alikipata hapa hapa mjini asubuhi moja, kandambili miguuni. Hakuna aliyemwuliza kama ana nia ya kurudi kwao.

Mimi nilivaa viatu vya harusi vya Mama, vinavyobana. Baba alivaa koti. Tukaenda Lubumbashi, kwenye ofisi ya visa, na mwanamke wa nyuma ya kioo akauliza, "Nini kinaonyesha kwamba mtoto huyu atarudi?"

Baba alimtazama bila kuelewa. "Kwabo si njo kule Likasi, mama? Atarudia kwabo."

Kumbe hilo si jibu. Wakasema hapana. Abbé Théophile akatuambia tusivunjike moyo, kwa jumla mpango umefanikiwa. Nusu yake, nikamjibu mbele ya Mama, na dhambi hiyo sijaiungama mpaka leo.

Jioni ile Mama aliniketisha sebuleni. Akaniletea spageti na yai katika sahani ya maua, akaipanga furusheti vizuri pembeni.

"Kula, mama," akaniambia, macho mekundu. "Belgique yako njo hii."

Kisha akatoka kwenda kupika. Nikabaki peke yangu na lile yai. Nilikuwa na hasira ya kutafuna furusheti yenyewe. Nyuma ya nyumba nilisikia mwiko ukigonga sufuria, Mama akigomba, Maëlle akimjibu kwa Kiswahili chetu. Nikaiacha sahani pale pale mezani, nikatoka.

Maëlle alikuwa amekalia kigoda changu.

"Sogea," nikamwambia. "Nilisharudia kwetu."