Kitufe cha Tatu

Vumbi la mbao lilikuwa jekundu. Lilipanda kutoka kwenye ncha ya drili yako, likaingia katika mwanga wa dirisha, likaning'inia pale kama lisilojua pa kwenda, kisha likatua kwenye nywele zako, kwenye kope zako, kwenye kile kitambaa cha kijani ulichotandika mezani ili gitaa langu lisikwaruzike. Nilikuwa nimelishika shingo kwa mikono miwili, kama mtu anayemshikilia mgonjwa wake achomwe sindano. Wewe ulicheka. Uliniambia nifumbue macho, mbao haiumwi.

Matundu matatu. Uliyapima kwa rula na penseli, ukayafuta, ukayapima upya, ukapuliza vumbi, ukatoboa. Nilikupenda siku ile, mke wangu. Nalisema mapema ili usidhani nimelisahau.

Gitaa la besi, nyuzi nne, umri wake unakaribia umri wa ndoa yetu. Lilitoka kiwandani na kitufe kimoja tu, cha kuongeza na kupunguza, na kwa miaka mingi hicho kimoja kilinitosha. Lakini bendi ilikua, kumbi zikakua, kinanda kikaja na sauti zake mia, na besi yangu ikawa inasikika kama mtu anayeongea chini ya godoro. Nikakuomba wewe, maana fundi wa nyumba hii ni wewe. Redio za mtaa mzima zimepita mikononi mwako zikiwa maiti zikarudi kwao zikiimba. Ukaniambia hilo dogo, tutaliwekea kisanduku cha umeme tumboni, na betri ya mraba, na vitufe vitatu vya kuzungusha. Cha kwanza sauti nzito. Cha pili sauti ya kati. Cha tatu sauti nyembamba, ile yenye ukali, ile inayoipa kila noti ukingo wake.

Cha tatu ndicho nilichokipenda. Ukikizungusha kidogo, vidole vyangu vilitoka gizani. Mtu wa nyuma kabisa ukumbini, aliyeegemea mlango na soda yake, angeweza kuvihesabu kimoja kimoja. Nilikizungusha kwa kidole kidogo, bila kuangalia, katikati ya wimbo, na watu walifurahi, na mimi nilivimba kichwa, na wewe kule nyuma kwenye meza ya mitambo ya sauti ulitikisa kichwa chako ukicheka peke yako. Miaka minne hivyo. Miaka minne ya raha, sikatai.

Halafu ndege wakahama. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilitoka nje asubuhi nikaona mti umejaa vile videge vidogo vya kahawia, midomo ikifunguka na kufungwa, na mti ulikuwa kimya. Nikajiambia ndege wa siku hizi hata kulia wamechoka. Kisha simu yangu ikaanza kuita kwa unyonge. Kisha birika likaacha kupiga mluzi, likawa linachemka tu na kumwaga, na mimi nimekaa palepale nikisoma gazeti. Kisha wewe ukaanza kumung'unya maneno. Nilikugombeza mara ngapi? Sema vizuri, mama watoto, fungua mdomo, unaongea na nani? Nawe ulirudia taratibu, ukinitazama usoni, na katika macho yako kulikuwa na kitu ambacho sikukisoma. Nilikuwa bingwa wa kusikiliza, nikasahau kusoma.

Na kila mwezi nilikizungusha kitufe cha tatu mbele kidogo zaidi.

Ukalichukua gitaa siku moja ya Jumanne. Ulisema vitufe vimeingia vumbi, vinahitaji kusafishwa. Ukajifungia kwenye kile chumba chako cha ufundi kutwa nzima, na harufu ya lehemu ikatoka chini ya mlango. Jioni ukanirudishia. Nilikaa kitandani nikalichomeka kwenye spika ndogo, nikazungusha kitufe cha tatu mpaka kikakwama, nikapiga, nikasikiliza kwa makini yangu yote, nikakuambia: mikono yako ina baraka, sasa kimekuwa kitamu kuliko mwanzo. Uligeuka ukaenda kuangalia chungu jikoni. Chungu kilikuwa kimeshaepuliwa.

Ungeniambia. Pale pale, ukiwa umenipa mgongo, ungeniambia.

Miaka miwili nilizungusha kitufe kilichokufa. Miaka miwili mwimbaji wetu alinigeukia katikati ya wimbo, akainua kipaza sauti, akasema, Mzee Besi, tupe ya tatu. Nami niliwapa ya tatu. Nilikizungusha kwa kidole kidogo, nikarudisha kichwa nyuma, na bendi nzima ikatabasamu. Nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi. Lakini kilemba nilichovishwa kilikuwa cha ukoka, na nilikivaa mbele ya watu, nikakitengeneza upande, nikauliza kama kimenikaa.

Nilikisifia kwa wageni. Mpiga besi wa bendi nyingine alipokuja kunisalimia nilimwelekeza kitufe kile, nikamwambia siri yote ya mkono wangu iko pale. Alikizungusha, akanitazama, akamtazama mwimbaji wetu. Akasema, kweli mzee, hiki ni balaa. Hata yeye. Dakika tano tu ukumbini mwetu, na tayari alishajiunga na chama.

Alhamisi iliyopita betri ikafa. Betri siku zote ulibadilisha wewe, ukisema mimi nina mkono mzito nitang'oa waya. Lakini wewe ulikuwa kwa dada yako aliyejifungua, na mimi nilitaka kufanya mazoezi, na bisibisi ilikuwa mezani. Nikafungua skrubu sita za mgongoni. Kifuniko kikatoka.

Ndani kulikuwa safi kama kabati la bibi harusi. Kitufe cha kwanza, nyaya zake tatu, lehemu inayong'aa. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa kimekaa peke yake, miguu yake mitatu mitupu, hata tone la lehemu halikubaki. Nyaya zake, nyekundu, ya njano na nyeusi, zilikuwa zimekatwa, zikaviringishwa vizuri, kila ncha ikafungwa mkanda mweusi ili isiguse mwenzake. Ungekuwa umekata ovyo ningesema waya umechoka. Lakini wewe huwezi kufanya kazi mbaya hata ukitaka. Hata kunidanganya umenidanganya kwa usafi.

Nilikaa na bisibisi mkononi. Sikulia. Nilikizungusha kitufe kile, mbele na nyuma, mbele na nyuma, nikakiangalia kwa nyuma kikizunguka.

Mchana nilikwenda kwa kaka yako, mpiga ngoma wetu. Nilimkuta akipiga rangi ukuta wa nyumba yake. Sikumsalimia. Nilimwonyesha picha niliyoipiga kwa simu, ya zile nyaya tatu, na brashi ikasimama ukutani, na rangi ikaanza kutiririka.

Alijitia hamnazo kwanza. Akauliza hiyo ni redio gani. Nikamwambia redio hiyo anaijua, amekuwa akiitabasamia kila Jumamosi. Ndipo akashuka ngazini, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema taratibu, akinitazama usoni kama unavyonitazama wewe.

"Shemeji, watu walikuwa wanaziba masikio. Kumbi mbili zilitukataa. Tukamwambia dada, ama afanye kitu kwenye hilo gitaa, ama tutafute mtu mwingine. Alilia sana. Halafu akakata."

"Akina nani wanajua?"

"Bendi."

"Na wa mlangoni, anayechana tiketi?"

Akaanza kuchokonoa rangi iliyomkaukia kwenye kucha.

Kwa hiyo mpaka wa mlangoni anajua. Nilirudi kwa miguu. Njiani nilikuwa nakuhesabia makosa, moja baada ya jingine, kwa sauti, na watu walinipisha. Kwamba ulinizunguka na watu wangu. Kwamba masikio ni yangu, nayo yameoza nikiwa wa mwisho kujua. Kwamba ulilala ubavuni pangu usiku mia saba na zaidi, na kila asubuhi ukaniuliza nimelalaje. Kwamba ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi niliyejua nimeng'aa. Na kila nilipofika mwisho wa hesabu nilikuta kosa moja ambalo sikujua nilihesabu upande upi: ulilia, halafu ukakata, na mimi nikabaki na kazi yangu.

Mtu aliyekukatia waya kwa chuki unajua pa kumweka. Unamweka nje, unafunga mlango. Wewe nikuweke wapi?

Ulirudi jioni ukiwa na harufu ya mtoto mchanga. Ulinisimulia uzito wake, pua yake, jinsi anavyopiga chafya. Nilikujibu ndiyo, nilikujibu vizuri. Ulikuwa unaongea taratibu, midomo wazi, kila neno ukinipakulia kama chakula cha mgonjwa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba umekuwa ukinifanyia hivyo kwa muda mrefu. Nikasema naenda kuoga.

Ijumaa ulipokwenda sokoni niliingia chumba chako cha ufundi. Nilichomeka chuma cha lehemu, nikasubiri kipate moto, nikavua ule mkanda mweusi ncha moja moja. Nilijichoma kidole gumba, nikatukana, nikaendelea. Nyekundu. Ya njano. Nyeusi. Lehemu yangu ilikaa madonge madonge, mbaya kama kazi ya mtoto wa shule, lakini ilishika. Nikatia betri mpya, nikafunga skrubu sita. Sikujaribu. Nilitaka kujaribia pale pale mliponichezea.

Jumamosi, saa kumi alasiri. Ukumbi ule wenye madirisha ya juu, jua likiingia kwa mshazari, watu wamejaa, sakafu ya saruji ina vumbi na miguu inalipandisha. Wewe uko nyuma kwenye meza ya mitambo, miwani puani. Wimbo wa nne. Mwimbaji akanigeukia na lile tabasamu lake, akainua kipaza sauti.

"Mzee Besi, tupe ya tatu."

Nikawapa. Nilikizungusha mpaka kikakwama, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Sikusikia tofauti. Nataka ulijue hilo kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ule ukali wangu wa zamani, ushahidi wangu, niwatazame wote usoni niseme mnaona? Nilisikia besi ile ile, ya mviringo, chini ya godoro. Nilidhani lehemu yangu imeachia.

Kisha nikaona. Mwanamke wa mbele alimvuta mwanawe akamficha sikio kifuani. Mtu na mchumba wake waliachana katikati ya mzunguko, kila mmoja akashika masikio yake. Kaka yako alijikunja, fimbo ikamponyoka. Mstari baada ya mstari mikono ilipanda kwenye vichwa, na miguu ikasimama, na vumbi likabaki limening'inia kwenye jua juu ya watu wasiocheza. Mimi ndiye niliyekuwa nafanya hayo yote, kwa kidole kimoja, na kwangu kulikuwa shwari.

Nikakutafuta. Mkono wako ulikuwa tayari kwenye swichi ya sauti yangu. Kuishusha ni jambo la kufumba na kufumbua, nawe umeshanishushia mara ngapi, sijui. Ulinitazama. Ulijua, maana hakuna mtu mwingine katika dunia hii ambaye angeweza kujua. Ukautoa mkono pale. Ukavua miwani, ukainua mikono yote miwili taratibu, huku ukinitazama, ukaziba masikio yako.

Hapo ndipo uliponiambia. Mbele ya watu mia tatu, bila neno, miaka miwili ukiwa umechelewa.

Sikuacha kupiga. Nilirudisha kidole kidogo kwenye kitufe, nikakizungusha kurudi nyuma, unywele kwa unywele, nikiangalia mikono ya watu. Mwanamke wa mbele akamwachia mtoto. Nikarudisha kidogo tena. Wale wachumba wakashikana. Kaka yako akaokota fimbo, macho kwangu, akaingia kwenye mdundo. Mikono ilishuka mmoja mmoja kutoka mbele kwenda nyuma, na miguu ikaanza, na vumbi likapanda upya. Ni kazi ya dakika moja. Kazi ambayo kipofu wa masikio anaweza kuifanya akiwa na macho mawili na mtu mmoja wa kumwambia ukweli, na mimi nilikuwa na mke.

Sijakusamehe. Leo tumekula meza moja, nawe umeongea taratibu, nami nimekusoma midomo bila kujificha, na bado sijakusamehe.

Lakini jana, pale ukumbini, wewe uliyaziba masikio yako kwa muda mrefu kuliko watu wote. Watu walikuwa wameshaanza kucheza. Nikarudisha kidogo, ukatikisa kichwa. Nikarudisha tena, ukatikisa. Nikarudisha unywele mmoja wa mwisho, na mikono yako ikashuka, na nikakiacha kitufe pale.